Mgonjwa wa virusi akiwa kwenye mashine ya kupumulia: mapafu yanapatwa na nini?

Katikati ya mwaka 2021, wakati UVIKO-19 umepamba moto, msikilizaji mmoja alipiga simu studio kwenye kipindi chetu cha asubuhi akiwa amesimama nje ya wodi. Daktari alikuwa amewaambia kwamba kaka yake anahitaji kuwekewa mashine ya kupumulia, na familia ilitakiwa kutoa jibu. Ndugu walikuwa wamegawanyika. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, ni kweli kwamba ukishawekwa kwenye ile mashine hutoki?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia amsikilize daktari, tukaweka wimbo, lakini swali lile lilibaki nami. Tangu siku hiyo nimelisikia mara nyingi, sokoni, misibani na kwenye ujumbe mfupi mnaotutumia. Makala haya ni jibu nililopaswa kuwa nalo asubuhi ile. Mimi ni mtangazaji, si daktari. Yaliyomo humu ni maelezo ya jumla yanayotokana na tafiti zilizokwisha kuchapishwa, na hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa wako.

Jibu kwa ufupi

Mashine ya kupumulia haitibu mapafu. Inabeba kazi ya kupumua wakati mapafu yamezidiwa, ili mwili na dawa vipate nafasi ya kupambana na ugonjwa. Katika siku hizo mapafu yanaweza kupatwa na matatizo zaidi. Mengine yanaletwa na virusi vyenyewe. Mengine yanaletwa na mashine. Mengine yanatokana na kulala kitandani siku nyingi mpira ukiwa kooni. Mengi kati ya hayo yanajulikana, yanaweza kupunguzwa, na yakigunduliwa mapema yanaweza kutibiwa. Kwa hiyo wanaosema mashine ina hatari hawajakosea kabisa. Wanaosema haina faida ndio waliokosea.

Virusi vinafanya nini ndani ya mapafu

Tunapovuta pumzi, hewa hupita puani au mdomoni, hushuka kwenye bomba kuu la hewa, kisha hugawanyika kwenye vijia vinavyozidi kuwa vyembamba kama matawi ya mti. Mwisho wa vijia hivyo kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Mtu mzima ana mamia ya mamilioni ya vifuko hivyo. Kuta zake ni nyembamba mno na zimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Hapo ndipo oksijeni inapoingia kwenye damu na kabonidioksidi inapotoka. Ndani ya vifuko kuna utelezi maalumu unaozuia kuta zisigandamane tunapotoa pumzi.

Virusi vya njia ya hewa, kama vile vya korona au vya homa ya mafua, kwa watu wengi huishia puani na kooni. Kwa wachache vinashuka hadi kwenye vifuko. Kuta zinaharibika, kinga ya mwili inakuja kwa nguvu kupita kiasi, mishipa ya damu inavuja, na majimaji yanajaa mahali palipotakiwa kuwa na hewa. Utelezi nao unapungua na vifuko vinasinyaa. Mapafu yaliyokuwa mepesi kama sponji kavu yanakuwa mazito kama sponji iliyolowa.

Hali hii madaktari wanaiita ARDS. Kwa Kiswahili chepesi, ni mapafu yote mawili kuvimba na kujaa majimaji kwa ghafla hadi oksijeni inashindwa kupita. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967, pale madaktari wa Marekani walipochapisha habari za wagonjwa 12 waliougua kwa sababu tofauti lakini mapafu yao yakaharibika kwa namna ileile. Virusi ni moja ya sababu hizo. Nyingine ni nimonia ya bakteria, maambukizi yaliyoenea kwenye damu, ajali kubwa, na matapishi kuingia mapafuni.

Ngazi za msaada kabla ya mashine

Mgonjwa hafikishwi kwenye mashine moja kwa moja. Huanza na oksijeni kupitia vijibomba vya puani, kisha barakoa ya oksijeni. Hospitali yenye vifaa zaidi inaweza kumpa oksijeni ya kasi kubwa puani, au barakoa inayobana vizuri usoni na kusukuma hewa kwa nguvu kidogo. Kama oksijeni kwenye damu inaendelea kushuka, au mgonjwa amechoka kiasi kwamba misuli ya kifua inataka kukata tamaa, ndipo madaktari wanapozungumzia mashine. Hapo mgonjwa anapewa dawa ya usingizi, mpira unapitishwa mdomoni hadi kwenye bomba la hewa, na mashine inasukuma hewa kupitia mpira huo.

Kwa hiyo waliomo kwenye mashine ni wale waliokuwa na hali mbaya kuliko wote tangu mwanzo. Tutalirudia jambo hili tutakapofika kwenye hesabu za vifo.

Mashine ilizaliwa kwa wagonjwa wa aina nyingine

Matibabu haya yana historia inayoanzia Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Mji ulikumbwa na mlipuko wa polio. Katika hospitali ya Blegdam, kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliopooza misuli ya kupumua, 27 walifariki katika muda wa wiki tatu. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipendekeza watobolewe tundu kooni, upitishwe mpira, na hewa isukumwe kwa kuminya mfuko kwa mkono. Mashine za kutosha hazikuwapo. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kuminya mifuko hiyo usiku na mchana kwa miezi kadhaa, na vifo vikapungua sana. Wengi wanahesabu tukio hilo kuwa mwanzo wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho leo tunakiita ICU.

Lakini wagonjwa wengi wa polio walikuwa na mapafu mazima. Kilichopooza ni misuli. Mgonjwa wa korona au homa ya mafua kali ni kinyume chake: misuli inajitahidi, mapafu ndiyo yenye ugonjwa. Kusukuma hewa kwenye mapafu mazima ni jambo moja, na kuisukuma kwenye mapafu yaliyojeruhiwa ni jambo jingine. Matatizo mengi tunayoyaeleza hapa chini yanatokana na tofauti hiyo.

Tatizo la 1: Mapafu kujeruhiwa na pumzi yenyewe

Katika ARDS si kila sehemu ya pafu inapokea hewa. Sehemu kubwa imejaa majimaji au imesinyaa. Daktari Luciano Gattinoni wa Italia na wenzake walionyesha kwa picha za CT kwamba sehemu inayobaki wazi inaweza kuwa ndogo kama pafu la mtoto. Ukiisukumia hewa ya mtu mzima, sehemu hiyo ndogo inavutwa kupita kiasi, kuta zinachanika, uvimbe unaongezeka, na pafu linazidi kuharibika.

Zamani mgonjwa alipewa pumzi kubwa kwa lengo la kurekebisha vipimo vya damu. Mwaka 2000 matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wagonjwa 861 yalibadilisha mambo. Kundi moja lilipewa pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo ya uzito, kundi la pili mililita 6. Kwenye kundi la pumzi kubwa walifariki karibu wagonjwa 40 katika kila 100. Kwenye kundi la pumzi ndogo walifariki 31. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikwisha kuonekana.

Uzito unaotumika kwenye hesabu hiyo si ule wa kwenye mizani. Unakokotolewa kutokana na urefu na jinsia, kwa sababu mtu akinenepa mapafu yake hayaongezeki. Mwanamume mwenye urefu wa sentimita 170 anahesabiwa kilo 66 hivi, hata kama ana kilo 100. Pumzi yake inakuwa mililita 400 hivi, kiasi kinachozidi kidogo chupa ya soda. Ndiyo maana ukimwona muuguzi ICU anampima mgonjwa urefu kwa futi kamba, usishangae.

Njia nyingine ya kulinda mapafu ni kumlaza mgonjwa kifudifudi. Tukilala chali, moyo na uzito wa mapafu yenyewe unakandamiza sehemu ya mgongoni, ambako kuna vifuko vingi. Mgonjwa akigeuzwa, sehemu hiyo inafunguka na hewa inasambaa kwa usawa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Ufaransa na Hispania kwa wagonjwa 466 wenye ARDS kali, ulionyesha kwamba waliolazwa kifudifudi kwa saa 16 au zaidi kwa mkupuo walifariki 16 katika 100 ndani ya siku 28, ikilinganishwa na karibu 33 kwa waliobaki chali. Kazi hii haihitaji mashine ya ziada. Inahitaji watu kadhaa waliofundishwa kumgeuza mgonjwa bila kuchomoa mpira.

Tatizo la 2: Hewa kuvuja nje ya pafu

Kifuko kikipasuka, hewa inaweza kutoka na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Pafu linabanwa na kusinyaa. Hewa ikizidi inasukuma hata moyo, na shinikizo la damu linaanguka ghafla. Wakati mwingine hewa inatambaa chini ya ngozi ya shingo na kifua, na ukigusa unasikia mchakacho chini ya vidole.

Wagonjwa wa UVIKO-19 walipatwa na tatizo hili kuliko ilivyozoeleka. Hospitali moja ya New York iliyochunguza wagonjwa 601 wa korona waliokuwa kwenye mashine mwaka 2020 iliwakuta 89 wakiwa na uvujaji wa hewa, yaani 15 katika kila 100. Kwa wagonjwa wengine wa ARDS waliopita hapo miaka ya nyuma, walikuwa 10 katika 100. Hii inaonyesha kwamba lawama si za mashine peke yake, kwa sababu virusi vilikuwa vimeshadhoofisha kuta za mapafu.

Dalili ni oksijeni kushuka ghafla, kifua kupanda upande mmoja tu, au mashine kupiga kengele ya shinikizo kubwa. Daktari anathibitisha kwa eksirei au ultrasaundi. Tiba ni kupitisha mpira ubavuni ili hewa itoke na pafu lifunguke tena. Ukimkuta ndugu yako ana mpira ubavuni unaoishia kwenye chupa yenye maji, huenda hiyo ndiyo sababu. Vipovu unavyoviona kwenye chupa ni hewa inayotoka.

Tatizo la 3: Nimonia ya pili

Koo zima lina ulinzi wake. Kuna kikohozi, na kuna kifuniko kidogo kinachofunga njia ya hewa tunapomeza. Mpira ukiwa kooni ulinzi huo haufanyi kazi. Mate yenye bakteria yanajikusanya juu ya puto dogo linaloziba pembeni ya mpira, na kidogo kidogo yanapenya kwenda chini. Mgonjwa amelala usingizi wa dawa, hakohoi. Nimonia inayoanza baada ya mgonjwa kukaa kwenye mashine kwa saa 48 au zaidi huhesabiwa kuwa imetokana na hali hiyo.

Virusi vinaongeza hatari. Utafiti uliofanyika katika ICU 36 za Ulaya ulilinganisha makundi matatu ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine. Karibu nusu ya wagonjwa wa korona walipata maambukizi mapya ya bakteria kwenye njia ya chini ya hewa. Kwa wagonjwa wa homa ya mafua walikuwa 30 katika 100, na kwa wasio na virusi 25 katika 100. Wagonjwa wa korona walikaa muda mrefu kwenye mashine, mapafu yao yalikuwa yameharibika, na baadhi walikuwa wakipewa dawa za kutuliza kinga ya mwili.

Kinga ya tatizo hili iko mikononi mwa wauguzi kuliko kwenye mitambo. Kichwa cha kitanda kinainuliwa nyuzi 30 hadi 45 ili yaliyomo tumboni yasipande. Mdomo na meno husafishwa kila siku. Mikono inanawiwa kabla ya kumgusa mgonjwa. Dawa ya usingizi inapunguzwa kila siku mgonjwa akiweza kuvumilia, ili ajaribiwe kupumua mwenyewe na mpira utoke mapema.

Nimonia ikitokea, makohozi yanavutwa na kupelekwa maabara ili ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inawaua. Bakteria wa hospitalini mara nyingi ni sugu kwa dawa za kawaida. Hapa tunavuna tulichopanda mtaani. Antibiotiki tunazonunua bila cheti na kuziacha njiani tukipata nafuu zinawalea bakteria wanaotusubiri ICU.

Tatizo la 4: Ukungu mapafuni

Kuna fangasi anayeitwa Aspergillus, jamaa wa ule ukungu tunaouona kwenye mkate uliochacha. Mbegu zake zinaelea hewani na sote tunazivuta kila siku bila madhara. Lakini kwenye mapafu yaliyochubuliwa na virusi, kwa mtu ambaye kinga yake imetulizwa na dawa, anaweza kuota na kupenya hadi kwenye mishipa ya damu.

Madaktari wa Ubelgiji na Uholanzi walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa wagonjwa 432 wa homa ya mafua waliolazwa ICU. Wagonjwa 83 walikuwa na ukungu huu mapafuni, na nusu yao walifariki. Korona ilipokuja, tatizo hilohilo likaonekana tena. Ugumu wake ni kwamba dalili zinafanana na za nimonia ya kawaida, na kuutambua kunahitaji kamera ndogo inayoingizwa mapafuni pamoja na vipimo ambavyo hospitali nyingi za mikoani hazina. Mgonjwa asiyepata nafuu kwa antibiotiki nzuri ndiye anayetakiwa kumfanya daktari aufikirie ukungu.

Tatizo la 5: Damu kuganda

Mtu akilala bila kutembea kwa siku nyingi, damu kwenye mishipa ya miguu inaweza kuganda. Donge likikatika linasafiri hadi kwenye moyo, kisha linaziba mshipa wa mapafu. Hewa inaingia pafuni vizuri lakini damu ya kuichukua oksijeni haifiki.

Kwenye korona kulikuwa na jambo la ziada, kwa sababu damu iliganda hata ndani ya mapafu yenyewe. Mwaka 2020 watafiti waliolinganisha mapafu ya watu waliofariki kwa korona na ya waliofariki kwa homa ya mafua walikuta vidonge vidogo vya damu kwenye mishipa ya vifuko vikiwa vingi mara tisa kwa wale wa korona. Wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wachache, saba kwa kila upande, lakini tofauti ilikuwa kubwa na iliendana na yale madaktari waliyoyaona wodini. Ndiyo sababu mgonjwa aliyelazwa kwa ugonjwa huu huchomwa sindano ya kuzuia damu isigande, kwa kawaida tumboni. Familia ikiiona sindano hiyo isidhani ni ya kisukari.

Tatizo la 6: Makovu na udhaifu

Mapafu yaliyovimba kwa wiki kadhaa yanaweza kupona kwa makovu. Pafu lenye kovu linakuwa gumu, halitanuki vizuri, na mgonjwa anaweza kuchelewa kuachishwa mashine. Kwa baadhi ya watu makovu hayo hupungua taratibu kwa miezi mingi. Kwa wachache yanabaki.

Misuli nayo huisha. Msuli mkuu wa kupumua, ulio chini ya mapafu, unadhoofika haraka mashine inapofanya kazi yake. Madaktari wa Toronto, Kanada, waliwafuatilia manusura 109 wa ARDS kwa miaka mitano. Mapafu ya wengi wao yalirudi karibu na hali ya kawaida. Lakini umbali walioweza kutembea kwa dakika sita ulibaki kwenye robo tatu ya uliotarajiwa, na wengi walilalamikia udhaifu na msongo wa mawazo. Kwa hiyo ndugu yako akitoka hospitalini akachoka kwa kupanda ngazi chache, usimwite mvivu. Anahitaji mazoezi ya taratibu, chakula cha kutosha, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kama anapatikana.

Basi, ni kweli hutoki?

Turudi kwenye swali la msikilizaji. Mwezi Aprili 2020 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa 5,700 wa korona katika hospitali za eneo la New York. Dunia nzima ilitangaziwa kwamba karibu 88 katika kila 100 waliowekwa kwenye mashine walifariki. Habari hiyo ilifika hadi vijijini kwetu kwa njia ya simu.

Lakini tazama hesabu ilivyofanyika. Waliowekwa kwenye mashine walikuwa 1,151. Waliofariki hadi siku ile walikuwa 282, na waliotoka wakiwa hai walikuwa 38. Waliobaki, 831, walikuwa bado wamelazwa na hakuna aliyejua mwisho wao. Asilimia 88 ilipatikana kwa kuwahesabu wale 320 tu ambao mwisho wao ulijulikana. Anayefariki hufariki mapema, na anayepona huchukua wiki nyingi. Ukihesabu mapema, lazima utawaona waliofariki tu. Takwimu ile ilifafanuliwa baadaye, lakini ufafanuzi haukusafiri kama habari ya kwanza ilivyosafiri. Sisi watangazaji tuna sehemu yetu katika hilo.

Ukweli wa Afrika haukuwa mwepesi. Utafiti uliofanyika katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulifuatilia wagonjwa 3,077 wa korona waliokuwa mahututi. Katika siku 30 walifariki 48 katika kila 100, wakati wastani wa dunia ulikuwa 31 au 32. Watafiti walihusisha tofauti hiyo na uhaba wa vitanda na wa vifaa vya wagonjwa mahututi, na pia na vifaa vilivyokuwepo lakini havikutumika ipasavyo. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wagonjwa hao mahututi walikuwa hai.

Dawa nazo zilibadilisha hesabu. Mwezi Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayopatikana hata hospitali za wilaya, inaokoa maisha. Kwa waliokuwa kwenye mashine, vifo vilishuka kutoka 41 katika kila 100 hadi 29. Kwa wagonjwa wasiohitaji oksijeni dawa hiyo haikuonyesha faida yoyote, kwa hiyo si dawa ya kujinunulia dukani ukipata mafua.

Somo kutoka Kigali

Kwa miaka mingi mgonjwa hakuweza hata kuhesabiwa kuwa na ARDS bila mashine, kipimo cha gesi kwenye damu ya mshipa wa ateri, na picha ya kifua. Kwa vigezo hivyo hospitali zetu nyingi zilionekana kana kwamba hazina ugonjwa huu. Watafiti katika hospitali ya rufaa ya Kigali, Rwanda, waliamua kutumia kile kilichopo, yaani kipimo cha oksijeni cha kidoleni na ultrasaundi ya mapafu. Kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa, 42 walikuwa na hali hiyo, na nusu yao walifariki hospitalini. Kwa vigezo vya zamani asingepatikana hata mmoja.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na vigezo vipya vya kimataifa vilivyotolewa miaka ya karibuni vimekubali vipimo vya aina hiyo. Kwetu maana yake ni kwamba kidude kinachobanwa kidoleni, ambacho hata zahanati inaweza kuwa nacho, ni kifaa cha kuokoa maisha. Mgonjwa wa kikohozi na homa ambaye anapumua harakaharaka, anashindwa kumaliza sentensi, ana midomo ya bluu au oksijeni iliyo chini ya 90 asisubiri kesho. Akifika mapema, oksijeni ya puani inaweza kumtosha, na suala la mashine lisijitokeze kabisa.

Maswali ya kumuuliza daktari

Familia ina haki ya kuuliza, na maswali mazuri hayamkeri daktari. Unaweza kuanza na haya:

1. Ni nini kinachoonyesha kwamba oksijeni ya kawaida haimtoshi tena?
2. Mkimweka kwenye mashine, mnatarajia nini kitokee, na tutajuaje kama anaendelea vizuri?
3. Je, anaweza kulazwa kifudifudi?
4. Anapewa dawa ya kuzuia damu isigande?
5. Mnajaribu lini kumpunguzia dawa ya usingizi ili apumue mwenyewe?
6. Kama hali yake haibadiliki au inarudi nyuma, mnafikiria ni tatizo gani kati ya haya: bakteria, hewa iliyovuja, damu iliyoganda, au ukungu?
7. Magonjwa aliyonayo, umri wake na hali yake ya sasa vinampa nafasi kiasi gani?

Swali la saba ni gumu kuliko yote, nalo lisiachwe. Yupo mgonjwa ambaye mashine itamrudisha nyumbani, na yupo ambaye itarefusha tu maumivu. Daktari mkweli atawaambia, na familia inaweza kuamua kwa amani ama kukubali ama kukataa. Jambo la kusikitisha ni kukataa kwa sababu ya uvumi, mgonjwa akiwa na nafasi ya kupona.

Yule msikilizaji hakupiga simu tena, na sikupata kujua familia yake iliamua nini. Kama ungekuwa wewe umenipigia leo, ningekujibu hivi: wapo wengi wanaotoka. Mashine ina hatari zake na madaktari wanazijua. Ingia ndani, kaa na daktari, umuulize maswali hayo saba, kisha rudi uwaambie ndugu zako majibu kama ulivyoyasikia.